Usimwambie Mfiwa Asilie: Niliyojifunza Msibani kwa Jirani Mkristo, Mwadui



Leo sitazungumzia shela wala hina. Nataka kuzungumzia msiba, na najua wengine mtasema, "Huyu naye, sisi tuna harusi yeye anatuletea kilio." Nivumilieni. Ndoa na kifo hukaa nyumba moja, na mimi mshoni nimeyaona yote mawili kwenye meza moja ya kukatia nguo.

Mimi ni mtoto wa Pemba. Nilimaliza skuli ya sekondari, nikasoma ufundi wa kushona, kisha nikaolewa na kumfuata mume wangu bara, Mwadui, wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga. Duka langu liko Maganzo, mji mdogo uliopo jirani na mgodi wa almasi. Nashona nguo za harusi, za Waislamu na za Wakristo. Wateja wangu wengi ni Wasukuma, na wengi ni watu wa kanisani.

Mwadui ina historia yake na mabibi harusi. Mwaka 1947 ilitoka hapa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, na mwenye mgodi, Dk. John Williamson kutoka Kanada, akamzawadia Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka huohuo. Ilichongwa ikabaki karati 23.6, ikawekwa kwenye pambo la kifuani lenye umbo la ua. Kila nikisimulia kisa hiki wateja hucheka na kuniuliza, "Na sisi yetu iko wapi?"

Lakini ardhi hii ya migodi ikitoa, pia inachukua. Atakayekaa huku mwaka mmoja tu ataelewa.

Kuna msichana mmoja wa kanisani, mwanakwaya, alikuja dukani na mchumba wake kuagiza gauni. Kijana alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu upande wa Kahama. Akalipa nusu ya fedha, akasema nusu nyingine ataleta akitoka machimboni. Akanitania, "Dada, usilibane sana kiunoni, tutakula pilau nyingi." Wiki tatu kabla ya harusi, duara likaporomoka akiwa chini. Walipomtoa alikuwa ameshafariki.

Gauni lilikuwa limetundikwa dukani. Nilikuwa nimebakisha pindo tu.

Nilikwenda msibani siku ya pili. Niseme ukweli, kwanza nilisita. Nilijiuliza kama inafaa mimi, mwanamke wa Kiislamu, kukaa kwenye msiba wa Wakristo, na ndugu mmoja akanambia, "Tuma salamu tu, yatosha." Nikakumbuka niliyosomeshwa madrasa, kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisimama lilipopitishwa jeneza la Myahudi, na alipoambiwa si Muislamu, akauliza kama yule si nafsi. Nikachukua kilo kumi za unga na sukari, nikaenda.

Nilimkuta yule binti amekaa kwenye mkeka, kanga imemvuka mabega, analia bila kupumzika. Wanawake waliokuwa wakipita kumpa pole walimwambia maneno ambayo nyote mnayajua. "Jikaze." "Kazi ya Mungu haina makosa." Mmoja akasema, "Shukuru hamjafunga ndoa, ungeachwa mjane."

Nami nikaongeza yangu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Usilie mdogo wangu, mshukuru Mungu, kuwa na subira."

Bibi yake alikuwa pembeni. Akanitazama, akanambia kwa upole, "Mayu, mwache alie. Sisi tunalia, na tunaamini tutamwona. Vyote viwili."

Jioni mwinjilisti wao aliposimama, alisimulia habari iliyomo katika kitabu chao, ya Lazaro aliyekufa na dada zake waliokuwa wakiomboleza. Akasema kwa imani yao Yesu alijua kabisa kwamba anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alipowaona wafiwa wakilia, naye alilia pamoja nao. Akawaambia watu: kama yeye aliyejua mwisho wa habari alilia, nani anakukataza wewe?

Dada zangu, hatuamini sawa juu ya Nabii Isa, amani iwe juu yake, na sitaki kujifanya tunaamini sawa. Imani yangu iko palepale. Lakini maneno yale yalinigonga mahali, kwa sababu sisi tunayo habari kama hiyo na tumeisahau.

Mtume wetu alipompakata mwanawe Ibrahim akikata roho, machozi yalimtoka. Masahaba wakashangaa, naye akawaeleza kuwa machozi yale ni rehema. Nabii Yakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na ndiye huyohuyo aliyewaambia wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Mwaka aliofariki Bibi Khadija na Abu Talib mpaka leo tunauita Mwaka wa Huzuni, wala haukuitwa mwaka wa kujikaza. Kilichokatazwa kwetu ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kusema maneno ya kumlaumu Mola. Machozi hayakukatazwa. Sasa sisi tumepata wapi huu ukali?

Na hapa naomba niseme langu la moyoni.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Mama yangu mdogo alikuwemo. Hatukumpata. Tulisali sala ya ghaibu, tukasoma hitma, watu wakatawanyika. Kila nilipoanza kulia niliambiwa ninakosa imani, na kwamba machozi yangu yanamuadhibu maiti. Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kuwa Bibi Aisha mwenyewe alilisahihisha neno hilo, akakumbusha kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Lakini wakati ule nilikuwa msichana mdogo, nikanyamaza. Nilinyamaza hata nikaogopa kupanda boti. Nilipokuwa bi harusi nilivuka bahari kwenda bara nimefumba macho, na mume wangu akadhani ni haya za harusi.

Pale kwenye mkeka, nyumbani kwa Wakristo, kwenye nchi isiyo na bahari, ndipo nilipomlilia mama yangu mdogo. Yule bibi hakuniuliza ninamlilia nani. Alinisogezea maji ya kunawa uso.

Sasa niseme kuhusu matumaini, maana ndilo neno wanalolipenda sana huku, na mimi nilikuwa silielewi.

Huku kwenye migodi matumaini yanaweza kumuumiza mtu. Mwaka 2015, Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa mwanzoni mwa Oktoba. Mwenzao mmoja alifia chini. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Tangu hapo hakuna mama wa mchimbaji anayekubali kirahisi kwamba mwanawe hatarudi. Tarehe 11 Agosti 2025 watu 25 walifukiwa katika mgodi mdogo wa Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga. Wiki zikawa zinapita na familia zinangoja. Dukani kwangu kila aliyeingia kupima nguo alianza na swali la Nyandolwa kabla ya kutaja kipimo cha kiuno. Nilijua kungoja kule. Tulikungoja sisi ufukweni.

Nilimuuliza yule bibi siku nyingine, "Mnatumaini nini, na wakati mwingine ardhi hairudishi mtu?" Akanijibu kwamba kutumaini duara limrudishe mtu ni kubahatisha, mara yatokea mara hayatokei. Tumaini lake yeye ni kwamba kaburi si mwisho, na Mungu hajamsahau mtu wake hata akiwa chini ya udongo mahali ambapo hakuna aliyemfikia. Kwao wanalisimamisha tumaini hilo juu ya kufufuka kwa Yesu. Sisi hatulisimamishi hapo. Lakini Siku ya Ufufuo tunaiamini, na tunaamini Mola anajua kila jani linaloanguka na kila punje iliyo katika giza la ardhi. Basi anamjua pia aliye chini ya bahari ya Nungwi. Nilikuwa nikiyasoma haya tangu utotoni. Ilinibidi bibi wa Kisukuma aniulize kama nayaamini.

Kuna jambo la pili nililoliona kwao. Sisi tukishazika, siku ya tatu watu huondoka. Wao pia wengi huondoka. Lakini kina mama wa kanisa lile walijipanga zamu. Wawili walilala na yule binti kwenye mkeka kila usiku, wengine wakaleta maji na kuni, na mmoja alikuja kila Jumatano kwa miezi, anakaa, wanachambua maharage pamoja, anaondoka. Hakuna hotuba. Nikaona kumbe tumaini mtu haambiwi tu, analetewa nyumbani na mtu mwenye ndoo kichwani.

Mabibi harusi, nawaambia nyinyi kwa sababu hizi. Mchumba akifa, kwetu hana mke. Binti hana eda ya miezi minne na siku kumi, hana urithi, hana hata jina la kuitwa msibani. Basi tunadhani na huzuni pia hana. Tunamwambia Mungu kamuepusha. Tafadhali, neno hilo tuliache. Aliyekuwa ameshachagua rangi ya mapazia ana haki ya kulia.

Na wengi wenu mtaolewa mbali na kwenu, mtakaa na majirani wa dini nyingine. Somo wako atakufunza udi na mahaba, mambo mazuri. Atakayekufunza namna ya kuingia msibani ni nani? Mimi nimejifunza haya machache. Nenda mapema, usitume salamu tu. Beba kitu kinacholiwa. Kaa chini, usiulize alikufaje. Sala zao waache wazisali wao, wewe kaa kwa heshima, na dua yako ya subira kwa wafiwa iombe kwa Mola wako. Akilia mwache alie, na akinyamaza usimlazimishe kuzungumza. Kisha rudi wiki ya tatu, wakati turubai limeshang'olewa.

Najua wapo watakaosema dini yetu imekamilika, hatuhitaji kufunzwa na Wakristo. Ni kweli imekamilika. Sisi ndio hatujakamilika. Jirani akikukumbusha kitu kilichomo ndani ya nyumba yako mwenyewe, unamshukuru, huoni haya.

Nimalizie habari ya gauni.

Siku ya maziko walipouliza kama marehemu ana deni, nilisimama nikasema nusu ile iliyobaki nimemsamehe. Gauni nililifunika kwa shuka, likabaki dukani. Sikuliuza, ingawa waliolitaka walikuwepo, na biashara ilikuwa ngumu mwaka ule.

Miezi mingi baadaye yule binti alikuja na mdogo wake wa kike, aliyepata mchumba. Akanambia, "Dada, mpunguzie huyu." Nikalitoa, nikampima mdogo mtu, nikaanza kubana kiunoni kwa pini. Dada mtu alikaa kwenye kigoda akatazama. Akacheka alipokumbuka ile pilau. Halafu akalia.

Mdogo wake akataka kulivua gauni. Nikamwambia asimame hivyohivyo, nisije nikapoteza kipimo. Nikamsogezea dada mtu kitambaa, nikaendelea kubana pini. Alilia mpaka akamaliza, kisha akanyanyuka akanionyesha upande mmoja wa pindo ulikuwa umeshuka zaidi ya mwingine. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimelibakisha siku ile.

Mwenyezi Mungu awape ndoa zenye kheri, awarehemu tuliowapoteza baharini na ardhini, na awape faraja majirani zetu wote waliofiwa. Amin.