Faida Ivukayo Bahari

Mgeni hulala Nungwi, lakini fedha ya chumba yaweza kulipwa Ulaya. Huko kampuni mama huiuzia hoteli yake jina na ushauri kwa bei iipangayo yenyewe, na faida ikahama kabla ya kutozwa kodi. Huo nao ni mrija, wala haukatwi kwa kaulimbiu. Kanuni ya kimataifa yataka makampuni ndugu yauziane kwa bei ambayo wasio ndugu wangekubaliana. Je, maafisa wetu wangapi waijua kiasi cha kuitetea mezani?

Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa, kwa kura 119 dhidi ya 9, uliridhia misingi ya mkataba wa kodi. Mazungumzo yakapangiwa kukamilika 2027. Twaitaka Serikali iwasomeshe vijana wa Visiwani somo hili kabla ya hapo.