Neno la Mhariri: Mtafiti Naye ni Mtu

Arusha imetunza kumbukumbu za mambo ya kutisha ambayo hayakutokea Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyowekewa makao hapa mwaka 1995, ilisikiliza mashahidi zaidi ya 3,000 katika kumbi za Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC). Humo ndimo, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alipotiwa hatiani, katika hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Mahakama ilimaliza kazi mwisho wa 2015. Nyaraka zake ziko Lakilaki, nje kidogo ya jiji, na nyingi kati ya zile zisizo za siri zinasomeka mtandaoni.

Toleo hili limetokana na nyaraka hizo. Waandishi wetu wengi ni vijana waliozaliwa baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, na walizisoma nyumbani, Sakina, Njiro na Usa River, wengine kwa simu tu. Kabla msomaji hajafika kwenye kazi zao, nina hoja moja: kulinda akili ya mtafiti ni sehemu ya utafiti wenyewe, na wajibu huo unaanza kwa anayemtuma.

Ndani ya mahakama, maneno yale yalikuwa na mipaka. Kikao kilifunguliwa na kuahirishwa. Wakalimani walipokezana vibandani, maana hakuna kichwa kinachoweza kutafsiri papo kwa papo kutwa nzima. Shahidi aliyelindwa aliitwa kwa herufi badala ya jina. Kulikuwa na kitengo cha kuwahudumia mashahidi. Jaji akisema tupumzike, wote walipumzika. Mtandaoni, faili lile lile linafunguka saa saba usiku, kitandani, kwenye simu hiyo hiyo yenye picha za harusi ya dada yako na ujumbe wa mama. Hakuna wa kuahirisha kikao.

Tena maandishi yana hila yake. Mwenendo wa shauri umepangwa kwa swali na jibu, swali na jibu, mistari ikiwa na namba ubavuni. Wakili anauliza: ulikuwa umesimama umbali gani? Mwenye panga alivaa nini? Mwanga ulikuwa bado upo? Kurasa zinapita kwa vipimo na rangi za nguo, msomaji analegea, anadhani ni karatasi za ofisi tu. Kisha, katika jibu la mstari mmoja, shahidi anamtaja aliyekuwa amelala chini. Picha unaweza kuifumbia macho. Sentensi ukishaielewa, imeshaingia. Sauti nazo ni vivyo hivyo: matangazo ya RTLM, redio ya Rwanda, yaliyokuwa sehemu kubwa ya hukumu ya Desemba 2003 dhidi ya Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, yalichanganya muziki na utani na uchochezi wa kuua.

Wataalamu wameshaanza kuliona hili. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la 2013, unakubali kwamba kiwewe kinaweza kumpata mtu anayekutana tena na tena na undani wa mambo ya kutisha kwa sababu ya kazi yake, hata kama anayaona kwa njia ya picha na video. Alison Holman na wenzake waliwachunguza watu baada ya mabomu ya mbio za Boston za Aprili 2013. Waliofuatilia habari za tukio kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walieleza dalili kali zaidi za msongo kuliko waliokuwapo pale pale.

Karibu zaidi na sisi ni Nairobi. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook katika ofisi za kampuni ya Sama, alifungua kesi kuhusu madhara ya kazi hiyo. Mwaka uliofuata wenzake wengi nao wakaenda mahakamani. Desemba 2024 iliwasilishwa ripoti ya Dk. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoeleza kwamba wachujaji zaidi ya 140 walikuwa na kiwewe. Watu wengi namna hiyo hawawi na mioyo dhaifu kwa bahati mbaya. Inapaswa kuulizwa kazi yenyewe ilipangwaje.

Najua litakalosemwa: kaza moyo. Walioteseka ni watu wa Taba na Nyarubuye kule Rwanda. Wewe umekaa kitini na chai yako, unalalamikia nini? Swali hilo lina haki yake, na sipendi mtafiti augeuze msiba wa wengine kuwa wake. Lakini wazee wetu waliotuambia tukaze moyo hawakutuacha tuutazame msiba ovyo. Maiti haioshwi na kila mpita njia. Wanaingia wachache, watu wazima, wanasaidiana. Watoto wanazuiwa mlangoni. Na mwoshaji hutakiwa kusitiri alichokiona. Utaratibu huo unamheshimu marehemu na kumlinda aliye hai kwa wakati mmoja. Mei 2017, baada ya ajali ya Karatu kuua wanafunzi 32 wa shule ya Lucky Vincent ya hapa Arusha, walimu wao wawili na dereva, jiji hili liliwaaga pamoja katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Kwenye simu, kila mmoja wetu alibaki peke yake na picha alizotumiwa.

Isitoshe, mtafiti aliyeumia hukosea kwa namna mbili: huukwepa ushahidi mzito, au hufa ganzi akaandika watu kana kwamba ni hesabu. Kwa vyovyote vile, msomaji anapewa kisicho kweli. Ndiyo maana mwongozo wa uchunguzi wa kidijitali uliotolewa mwaka 2020 na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa pamoja na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, unaiweka afya ya akili ya mchunguzi sambamba na usalama wa data na wa mwili wake.

Kwa toleo hili tulikubaliana mambo machache. Mtafiti aliandika swali lake kabla ya kufungua faili, na alipopata jibu alifunga. Video ilitazamwa kwanza bila sauti, kwenye dirisha dogo, na mpangilio wa video kujianzisha yenyewe ulizimwa. Nyaraka nzito zilisomwa mchana, mezani, na kila msomaji alikuwa na mwenzake wa kumpigia. Hakuna kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp. Aliyeomba kuhamishiwa mada nyingine alihamishwa bila kuulizwa sababu. Kwa aliyekosa usingizi wiki nzima, au aliyeanza kuona mambo ya faili akiwa sokoni, tulihesabu kwamba ni suala la daktari au mshauri nasaha, tukampa nafasi ya kwenda bila kukatwa ujira.

Hayo yalituchelewesha. Makala mbili hazikuwahi toleo hili, na fedha za mapumziko zilitoka kwenye bajeti ya picha. Utaona basi kurasa zenye maandishi mengi, na hutaona picha ya maiti hata moja. Wahariri wenzangu wanaoagiza habari za mauaji, ukatili wa watoto na ajali nawaomba wakubali gharama hiyo hiyo. Kabla ya kumuuliza kijana kazi itakuwa tayari lini, muulize ataisoma wapi, saa ngapi, na akiwa na nani.