Mkulima wa Kwenye Runinga Simjui

Leo naweka pembeni mbolea na viwavijeshi. Nataka tuongelee picha yako, ile inayoonekana kwenye runinga na kwenye simu, maana inakugusa mfukoni kuliko unavyodhani.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu akishangaa ghorofa au akivaa hovyo tunamwita mshamba. Yaani mtu wa shamba! Filamu zetu na vichekesho vimelivalisha neno hilo nguo: kandambili zilizochoka, kuku kwapani, anashuka stendi Dar na kutapeliwa kabla hajavuka barabara. Tunacheka, hata mimi hucheka. Ila huyo simjui. Ninayemjua ni kijana wa Mbozi mwenye ekari 15 za mahindi na kahawa kidogo, anayelipwa kwa simu na anayejua bei ya Nakonde kabla mimi sijaamka.

Habari nazo zina mkulima wao: ameinama na jembe la mkono, na akiwa mama basi ana mtoto mgongoni. Jembe si uongo, palizi nyingi huku bado ni jembe. Lakini kuna kijana alitembelewa na waandishi, trekta lake limeegeshwa pale pale, akaombwa ashike jembe "ili picha ikae kikulima". Akashika. Sasa mnunuzi aliyezoea picha hiyo anakuja shambani na bei yake tayari, na gunia lake la lumbesa. Afisa mikopo naye anaanza kukuuliza kama unajua kusoma.

Mwaka 2024 Zambia ilipopigwa na ukame, NFRA iliingia mkataba wa kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Picha nilizoziona mimi ni viongozi wakipeana mikono na malori yakiwa foleni hapa Tunduma. Ungedhani mahindi yameota ghalani.

Kuna picha nyingine mpya, na kwenu vijana ndiyo inayonitia hofu zaidi: milionea wa miezi mitatu. Unaijua ile video. Jamaa kasimama katikati ya matikiti, anazidisha idadi ya matunda kwa bei, anapata mamilioni, muziki unapigwa. Nzi wa matunda hayupo. Mafuta ya pampu hayapo. Wiki ambayo kila mtu amevuna na bei imekufa, haipo. Wa nyanya naye hataji kanitangaze hata kwa bahati mbaya.

Hebu tupige hesabu ya mfano kwa mahindi. Tuseme ekari imetoa gunia 20, kila moja 60,000. Hiyo ni 1,200,000. Toa kulima, mbegu, mbolea, palizi mbili, kupukuchua, magunia na usafiri mpaka Tunduma, tuseme jumla 850,000. Umebaki na 350,000, na umeingoja tangu mvua za Novemba hadi mavuno ya Juni. Video ingekuambia milioni moja na laki mbili. Si uongo, ila imekatwa katikati, na kuna vijana wameacha kazi na kuuza pikipiki kwa sababu ya nusu hiyo.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Oxfam walipoanzisha Mama Shujaa wa Chakula mwaka 2011, na baadaye likaingia ndani ya Maisha Plus, wanawake wakulima walionekana kwa majina yao, wakieleza wanalima nini na wanakwama wapi, ikiwemo kumiliki ardhi. Ni shindano, sawa, lina mshindi na zawadi, na shamba halina jaji. Lakini mkulima alipewa muda wa kuongea mpaka amalize, na hicho ndicho ninachokitaka.

Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, kamera huwa nyingi. Wakikufikia, simama penye mizani au daftari lako la shamba. Wakikuuliza umeingiza kiasi gani, taja, halafu endelea na ulichotumia, na msimu uliopata hasara utaje pia. Mwandishi atataka kukukatiza hapo. Mwombe dakika moja zaidi.