KOMPYUTA NA SISI: Badili mara moja, kazi nzima ifuate

Wazazi kadhaa wameuliza: hawa watoto wanashinda kwenye kompyuta wakikuza na kupunguza herufi tu, hiyo nayo ni kazi? Ndiyo wazazi wangu, ni kazi, na mwezi huu nitaeleza kwa nini.

Kila programu ya simu, iwe ya kutuma pesa au ya ujumbe, kuna mtu aliyekaa kwanza akapanga sura yake. Kichwa kiwe na ukubwa gani, maelezo yawe na herufi za namna gani, kitufe kikae wapi. Programu inayotumika sana kwa kupanga hivyo ni Figma. Inafunguka kwenye intaneti, na anayeanza anaweza kuitumia bure. Nyingine ni Penpot, nayo pia ni ya bure.

Sasa hebu tupige hesabu. Tuseme kijana anachora programu ya kuwakumbusha akina mama tarehe za kliniki. Ina kurasa 20. Kila ukurasa una kichwa kimoja, maelezo matatu na kitufe kimoja. Hayo ni maandishi 100. Baadaye bibi mmoja anajaribu kusoma, anasema herufi za maelezo ni ndogo mno. Zilikuwa 14, zinatakiwa ziwe 16. Kijana akibadili kwa mkono, ni mahali 60. Nusu dakika kila mahali, nusu saa imekwisha. Na kama zamu yake kwenye kompyuta ni saa moja tu, basi nusu ya zamu imeliwa na jambo dogo. Tena hawezi kukosa kusahau mbili tatu, kazi ikabaki na viraka.

Dawa yake ni mtindo wa maandishi. Fikirieni fundi cherehani anayeshona sare za shule. Hapimi upya kila sketi, anakata kipimo kimoja kwenye karatasi na kukitumia kwa zote. Mtindo wa maandishi ni hicho kipimo, lakini unamshinda fundi kwa jambo moja: ukibadili karatasi, hata sketi zilizokwisha kushonwa zinabadilika zenyewe!

Kwenye Figma fanya hivi:

1. Andika maandishi yako, chagua aina ya herufi, unene, ukubwa, na nafasi kati ya mistari.
2. Yakiwa bado yamechaguliwa, tazama upande wa kulia kwenye sehemu ya maandishi. Bonyeza alama ya nukta nne.
3. Bonyeza alama ya kujumlisha, upe mtindo wako jina, kisha uhifadhi.
4. Nenda kwenye maandishi mengine, bonyeza tena nukta nne, chagua lile jina. Yanavaa mtindo hapo hapo.

Ukitaka kurekebisha, bonyeza mahali patupu ili usichague kitu chochote. Orodha ya mitindo inatokea kulia. Fungua mmoja, badili 14 iwe 16, na zile sehemu 60 zinafuata kwa mara moja.

Kuhusu majina, vijana nisikilizeni vizuri. Usiite mtindo "Herufi 14". Siku ukiufanya 16, jina limekuwa uongo. Uite kwa kazi yake: "Maelezo", "Kitufe", "Onyo". Ukiweka mkwaju katikati, kama "Kichwa/Kikubwa" na "Kichwa/Kidogo", Figma inaviweka kwenye kundi moja. Na msitengeneze mitindo 30. Kwa programu ndogo, mitano au sita inatosha kabisa.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya wengi. La kwanza, kwenye Figma mtindo wa maandishi haubebi rangi, wala hausemi kama maandishi yakae kushoto au katikati. Rangi ina mtindo wake peke yake. La pili, ukiyatenganisha maandishi na mtindo wake, hayatafuata tena mabadiliko. Kwa hiyo usitenganishe ovyo kwa sababu tu neno moja halikutosha. Na maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, yaani "Thibitisha" haiwezi kukaa kwenye kitufe kilichopimwa kwa "OK". Panua kitufe, herufi uziache.

Kwa upande wa kusomeka, kipimo kizuri cha kuanzia ni ukubwa wa 16 kwa maelezo, na mistari iachiane 24, yaani mara moja na nusu. Onyo la dawa au tarehe ya kliniki lisipoonekana, anayeumia ni mgonjwa, siyo kompyuta.

Lipo na jambo letu sisi wa kambini. Hapa watu huondoka. Leo kijana yuko darasani, mwezi ujao familia imerudi nyumbani au imepelekwa nchi nyingine, na faili lake linabaki kwa mwenzake. Likiwa na mitindo yenye majina yanayoeleweka, mwenzake anaendelea siku hiyo hiyo. Likiwa limeandikwa ovyo, anaanza upya, na jasho la yule aliyeondoka limepotea bure. Hata mwajiri wa mbali akifungua faili lako, hapo ndipo anapojua kama unaweza kufanya kazi na wenzako.

Wasio na intaneti wasikate tamaa. LibreOffice ya kuandikia barua inafanya kazi bila intaneti, nayo ina mitindo. Bonyeza F11, orodha inafunguka. Wazo ni lile lile.

Kazi ya mwezi huu: chukua tangazo lolote la ukurasa mmoja, litengenezee mitindo mitatu, ya kichwa, ya maelezo na ya onyo. Kisha mpe mzee nyumbani alisome. Akikunja uso, kuza mtindo wa maelezo mara moja tu, umpe tena.

Wazazi, wapeni moyo. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.