Kamera Ipi Itafaa Shule Yetu?

Chama chetu cha Picha kimekwisha changa fedha za kununua kamera moja, na sasa maneno ni mengi mabwenini juu ya kamera ipi inunuliwe. Wako wanaotaka ile yenye jina kubwa, wako wanaotaka ile yenye megapikseli nyingi, na wako wanaotaka ile yenye lenzi ndefu kama bomba, ili mgeni akiingia shuleni ajue kuwa hapa pana kamera. Mimi naona wote hao wameanza mwisho. Kabla ya kuuliza ni kamera gani, yatupasa tuulize ni kazi gani. Seremala hachagui msumeno kwa kung'aa kwake, bali kwa ubao anaotaka kuukata.

Kazi yetu twaijua. Siku ya mahafali wapiga picha hutoka mjini na kuuza picha zao. Mwanafunzi ambaye mzazi wake amefika na ana fedha hupata picha. Yule ambaye mzazi wake alikosa nauli humaliza miaka minne na kurudi kwao bila hata picha moja ya kuonyesha. Hapa shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, hivyo hawezi hata kujipiga mwenyewe. Basi kazi ya kwanza ya kamera hii ni kumpatia kila anayemaliza picha yake moja, iliyochapwa kwenye karatasi. Kazi ya pili ni picha za gazeti hili. Nyingine zote ni nyongeza.

Sasa tuzipime hoja za wenzangu kwa kazi hiyo. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, yahitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo. Ukurasa mzima wa A4 hauhitaji hata megapikseli 9. Kamera iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita yaiweza kazi hiyo bila taabu. Anayetaka tulipie megapikseli 45 anatutaka tukodi lori kubebea kikapu cha nyanya.

Jambo kubwa kuliko hilo ni mwanga, maana mahafali hufanyika ukumbini, na madirisha ya ukumbi wetu ni madogo. Ndani ya kamera mna kibao kinachopokea mwanga. Katika kamera nyingi ndogo za mfukoni kibao hicho kina upana wa milimita 6 hivi. Katika kamera nyingi za bei ya kati, zile za kubadilisha lenzi, kina milimita 23 hivi. Tena lenzi nazo hutofautiana kwa upana wa tundu lake. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi kuliko lenzi iliyofunguliwa f/5.6. Pale ambapo hii ya pili yataka 1/20 ya sekunde, na mtu akitikisika kidogo uso wake unafifia, ile ya kwanza itatosheka na 1/200.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Tununue kamera ya mtumba ya aina ile yenye kioo ndani, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 kwa picha za darasa zima nje, na lenzi moja ya milimita 50 ya f/1.8 kwa ukumbini. Lenzi hii ya pili ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa. Makampuni makubwa, kama Canon na Nikon, yamegeukia kamera zisizo na kioo, ndiyo maana zile za zamani hupatikana kwa bei ya chini. Tena katika kamera ya kioo jicho huona kwa mwanga wenyewe bila kutumia umeme, hivyo betri hudumu zaidi. Shule ambayo umeme hukatika wakati wa maandalio haiwezi kulidharau jambo hilo. Wanunuzi wetu wasisahau kuimulika lenzi kwa tochi na kutazama kama imeota kuvu, na kuuliza shata imekwisha pigwa mara ngapi.

Labda msomaji atauliza: mbona simu ya mwalimu hupiga picha nzuri? Ni kweli, na juani haina neno. Lakini simu ni mali ya mwalimu, ina mambo yake ya nyumbani, naye akihamishwa picha zetu zahama naye. Tena sisi hatuwezi kujifunzia juu yake.

Wanamichezo nao watanuna, kwa sababu lenzi hizi mbili hazifiki goli la mbali. Najua, nami ni mpenzi wa mpira. Lakini lenzi ya kufika kule ingetula fedha za kuchapa picha, na picha isiyochapwa haimfikii mama aliye kijijini. Mpira tuupige picha tukiwa karibu na mstari, na lenzi ndefu ingojee mwaka mwingine.

Tusidhani kuwa kamera ya hali ya chini humzuia mtu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kusoma Dar es Salaam, alianza na Box Brownie, kamera iliyo kama kisanduku tu. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alianza na Brownie aliyopewa na jamaa yake mwaka 1935. Alipofungua studio mwaka 1948 alitumia kamera kubwa ya filamu ya sentimita 13 kwa 18, kwa kuwa filamu hiyo ilimtolea mteja picha ya ukubwa uleule bila kukuzwa. Hakuinunua kwa fahari. Kazi ndiyo iliyoitaka.

Mkutano wa chama utapiga kura kabla ya muhula kwisha. Nawaomba wenzangu, na walimu walezi, tusizimalize fedha zote dukani, bali tutenge fungu la kuchapia picha tangu sasa. Nawaomba na wazazi, atakayeweza kuongeza kidogo, aongeze kwenye fungu hilo la karatasi. Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani, na kamera tutawaachia wadogo zetu. Ningependa siku hiyo pasiwe na hata mmoja wetu atakayepanda basi bila picha yake.