Lugha ya Nyundo na Msasa

Wako wanafunzi wadhanio kwamba Kiswahili chema hukaa vitabuni tu, na kwamba maneno ya fundi wa bodi za magari ni takataka za gereji. Fikira hiyo ni potovu, nami naipinga.

Kijana msomaji, ukishika njia ya Kisii kwenda Isebania, mpakani mwa Tanzania, utapita Rongo na Migori. Na ukikata njia hapo Rongo utafika Homa Bay, ufukoni mwa ziwa. Katika miji hiyo fundi aweza kuwa Mjaluo, mteja Mkuria, na dereva Mtanzania. Je, watapatana kwa lugha gani, kama si hii unayoidharau?

Sikiliza maneno ya kazi yao. Bati lililobonyea hunyooshwa: pande la chuma huwekwa upande mmoja, na nyundo hugonga upande wa pili. Palipopasuka huchomelewa. Wala kuchomelea si kulehemu. Achomeleaye huyeyusha kingo za vyuma vyenyewe mpaka vishikane. Alehemuye huviunga kwa madini mengine yayeyukayo upesi kuliko vyuma hivyo. Kisha hupakwa puti, hupigwa msasa, hupakwa rangi ya kwanza, ndipo ije rangi ya mwisho. Na msasa ni neno la kale: ni mti ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalilainisha mbao.

Utasema, "Mimi nitakuwa karani, hayo yanihusu nini?" Yatakuhusu siku utakayonunua gari. Kutu ni chuma kilicholiwa na hewa na maji. Puti ikipakwa juu yake haiiondoi, huificha tu, na gari hung'aa huku likioza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Sumaku hunasa bati, lakini penye puti nene haishiki. Asiyelijua neno puti atauliza nini, naye atamshtaki nani?

Waunda majahazi wa pwani walivipa vyombo vyao majina: mkuku, mataruma, foromali. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakuta maneno hayo midomoni mwa watu. Fundi wa Migori afanya leo kazi ile ile ya kuikuza lugha. Kosa ni letu tusiomsikiliza.

Basi nenda kwake na daftari. Uliza, andika, usicheke. Ila anapochomelea usiutazame mwanga ule kwa macho matupu, kwa maana huunguza macho.