Nukta nyekundu kwa kifua cha mama wa mandazi

Wasee, wiki nzima inboksi yangu imejaa swali moja: mbona nimekataa ile dili ya leza? Wengine mmeniita softi. Mmoja ameandika ati najifanya mtakatifu na kodi sijalipa. Kuhusu kodi ni kweli, sijalipa. Kuhusu hayo mengine, kaeni nieleze, na leo itakuwa ndefu kidogo.

Kwa wageni: mimi hucheza geimu za risasi kwa simu na kueleza vile mtu anafaa kuchagua vifaa vya kulenga. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponilemea, na hii ndiyo kazi inanilisha, siku ikiamua kunilisha. Nukta nyekundu, holografiki, darubini ya mara 3, mara 4, mara 6, leza. Nikikwambia kwa PUBG Mobile uache kung'ang'ana na mara 6 kwa vita vya karibu, najua kwa nini nasema hivyo. Nimekufa mara elfu nikijifunza.

Sasa dili. Jamaa mmoja anayeuza vitu vya kuchezea alinitafuta akitaka video tatu kabla ya watoto kufunga shule. Bastola za plastiki nyeusi, zinakaa za ukweli kabisa, na chini ya mtutu kuna leza nyekundu. Pamoja nazo, leza ya kijani ya mkononi, "ile kali, inafika mbali". Malipo shilingi 18,000. Keja yangu ni 7,500 kwa mwezi. Pigeni hesabu: miezi miwili ya kodi na inabaki ya tokeni za stima. Sikukataa kwa sababu sina shida. Nina shida mbaya sana.

Tatizo ni kwamba geimu zimetudanganya kuhusu leza, na sisi tunaotengeneza video tumesaidia huo uongo. Kwa geimu nyingi ukiweka leza, risasi zinaacha kutawanyika. Ati mwanga unanyoosha risasi! Mwanga haunyooshi kitu. Leza ya bunduki ni tochi nyembamba iliyofungwa kando au chini ya mtutu. Miale yake inaenda mstari ulionyooka, risasi inaenda kwa mkunjo kwa sababu inavutwa chini njiani. Hizo njia mbili zinakutana pale tu fundi alipozilinganisha. Karibu zaidi au mbali zaidi, nukta iko hapa na risasi imeenda pale. Halafu jua la saa sita likiwaka, leza nyekundu hata huioni umbali wa maana. Ndiyo maana wengine hutumia ya kijani: jicho la mtu linashika kijani kwa urahisi kuliko nyekundu.

Nukta nyekundu ya kioo ni kitu tofauti kabisa, na hapa ndipo watu wengi huchanganya, hata mimi mwaka wa kwanza nilichanganya. Kile kioo cha juu hakitoi mwanga kwenda kwa mtu unayemlenga. Kuna kitaa kidogo ndani kinapiga kioo kilichopakwa dawa maalum, mwanga unarudi kwa jicho lako peke yako. Yule wa mbele haoni nukta yoyote. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa ya kwanza ya umeme mwaka 1975. Ukubwa wa ile nukta hupimwa kwa pembe: nukta ya 2 MOA inafunika karibu sentimita 6 ya shabaha iliyo mita 100. Kwa hivyo nukta kubwa utaipata haraka ukiwa karibu, lakini mbali inameza kitu chote unacholenga. Na kwa sababu kioo kinakaa sentimita kadhaa juu ya mtutu, ukiwa mita 3 kutoka kwa shabaha risasi inagonga chini ya nukta kwa karibu urefu huohuo. Geimu gani imewahi kukufunza hiyo? Wenye macho ya kupinda mwanga pia watakwambia nukta haikai nukta, inakaa kama nyota imemwagikiwa na maji. Mimi ni mmoja wao. Miezi mingi nilidhani ni simu yangu.

Haya nafurahia kuyaeleza na nitaendelea. Nani alisema mtu akipenda kujua vitu vinavyofanya kazi ni mhalifu? Wenye leseni wapo, walenga shabaha wa michezo wapo, sayansi yake ni tamu. Lakini leza ina tabia moja ambayo kioo hakina: inaguswa na mtu wa mbele. Hata Call of Duty: Mobile walielewa hiyo, leza ya OWC ya kitaktiki adui anaiona ukilenga. Kwa geimu tunaita hiyo kasoro ya kifaa. Mtaani ndiyo raha yenyewe. Kijana hanunui bastola ya plastiki yenye leza ndiyo alenge kopo. Anataka kuona mtu akiruka.

Najua kwa sababu nilikuwa huyo kijana.

Mwaka jana nilirekodi skiti kwa ngazi za ploti yetu, bastola ya kuchezea, leza nyekundu, saa moja jioni, stima zikiwa zimepotea. Nilitaka ule mwanga uonekane vizuri gizani. Rafiki yangu alikuwa ameshika simu. Nilipogeuza mkono, nukta ilishuka kwa geti ikatua kwa kifua cha mama anayeuza mandazi pale chini. Sikuikusudia. Yeye aliiangalia. Hakupiga nduru, na sisi tukacheka, tukingoja yeye pia acheke. Alianguka magoti polepole, mikono juu, na akasema, "Baba, chukua tu pesa iko kwa mkebe." Sauti ya kawaida, kama mtu anakupa chenji.

Nilishuka mbio nikimwonyesha ni plastiki. "Mama, pole, ni toy, pole sana." Mikono yake haikushuka mara moja. Baadaye jirani aliniambia kwamba mama alikuwa ameshawahi kuvamiwa hapo nyuma, akiishi mtaa mwingine, na hajawahi kusimulia yote. Nilirudi kesho yake asubuhi na mjomba wangu, maana hiyo si pole ya kwenda peke yako. Mama alitukaribisha chai. Akaniambia, "Kijana wangu, wewe si mbaya. Lakini mimi sikulala." Ile video iko wapi? Nilifuta. Rafiki yangu alisema ingevuma. Ingevuma, naamini.

Sasa mseme ni plastiki tu. Sheria yetu ya Silaha za Moto, Sura 114, inataja hadi bunduki ya bandia. Sheria kando, fikiria askari wa doria saa tatu usiku, stima hakuna, anaona nukta nyekundu ikitembea kwa ukuta karibu naye. Unadhani atauliza kama ni plastiki? Unajua mtaa unaoishi. Unajua vijana wa rika letu huonekanaje hata wakiwa wameshika simu pekee.

Halafu ile ya kijani kali. Hapa niliudhika zaidi, kwa sababu jamaa aliniambia niseme ni salama kwa watoto, imeandikwa chini ya miliwati 5. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza matokeo ya kupima leza 122 za mkononi. Za kijani, karibu asilimia 90 zilivuka kiwango kilichowekwa. Nyekundu, asilimia 44. Yaani karatasi iliyobandikwa ni hadithi. Na leza nyingi za kijani za bei ya chini hutengeneza ule mwanga kutoka kwa mionzi ya infraredi ambayo jicho halioni, na wakibania kichujio ili kupunguza gharama, infraredi inatoka pamoja na kijani. Jicho hupepesa kwa mwanga linaouona. Kwa usiouona halina habari. Na retina haina maumivu, inaungua kimya. Mtoto hatalia. Ataanza tu kuona doa katikati ya kitabu.

Mnakumbuka Dakar, Machi 2022, Salah akipiga penalti, uso wote kijani? Tulicheka na kutengeneza mimi kwa mimi vichekesho wiki mbili. Senegal wakafuzu, FIFA ikawatoza faranga 175,000 za Uswisi. Tangu hapo nikienda kutazama mechi ya mtaani kuna kijana na leza yake. Hata vitani mataifa yalikaa Vienna mwaka 1995 wakakataza silaha za leza zilizotengenezwa kupofusha watu, na sisi tunaziuza karibu na karanga.

(Kando kidogo: ile leza maarufu ya bastola kwa sinema ya The Terminator ya 1984 ilikuwa kubwa kama chupa na ilihitaji umeme mwingi hivi kwamba waya ulipitishwa ndani ya jaketi la Schwarzenegger hadi kwa betri. Miaka arobaini hivi baadaye inaning'inia kwa kibanda, bei ya soda chache.)

Sikumkatalia jamaa papo hapo. Nilijaribu kuokoa ile pesa, sitawadanganya. Nilimwambia: toa leza, paka mdomo wa bastola rangi ya chungwa, ile ya kijani uache kabisa, nitakufanyia video hata kwa 10,000. Alicheka. Akasema, "Chali yangu, leza ndiyo inauza. Bila leza hiyo ni bomba ya maji." Angalau alikuwa mkweli. Najua amepata mwingine, nimeshaona tangazo, na huyo aliyeifanya namheshimu, ana mtoto wa kulea. Sitamtaja na msiende kumtukana.

Ninachowaomba wenzangu wa kazi hii ni kidogo. Ukieleza leza kwa geimu, sema pia vile leza ya ukweli hufanya. Usirekodi nukta ikiwa kwa mwili wa mtu, hata kama amekubali, kwa sababu anayetazama hajui amekubali. Na ukiletewa dili ya leza kali, uliza imepimwa wapi. Jamaa wangu alijibu, "Kwa ukuta."

Ijumaa naweka video ya mara 3 dhidi ya mara 4, ile mliniomba kitambo. Mwenye ploti amenipa hadi tarehe 15. Mama bado anauza pale getini, mandazi kumi na kikombe cha chai, na nikipita na tochi ya simu huwa naielekeza chini.